Lalita Pawar, Mavyaa Tuliyemchukia

Wapenzi wa picha za Kihindi hapa Mombasa, hasa sisi tuliokwisha kuota mvi, hatuna haja ya kukumbushwa majina ya Raj Kapoor, Nargis na Dilip Kumar. Hata mjukuu aliyezaliwa baada ya majumba yetu ya zamani ya sinema kufungwa ameyasikia majina hayo kwa nyanya yake. Lakini kaa barazani jioni hapa Tononoka, ulitaje jina la Lalita Pawar, uone. Watu watatazamana tu. Waambie basi kwamba ni yule mama mwenye jicho la kushoto dogo, aliyekuwa akimtesa mke wa mwanawe picha baada ya picha, na hapo baraza zima litapiga kelele. Kumbe wote wanamjua! Mmoja atasema alitamani kumrushia kiatu pale kwenye pazia, na mwingine atakumbuka jinsi nyanya yake alivyokuwa akimlaani kwa sauti mpaka mlinda mlango akaja na tochi.

Bibi huyo alifariki dunia tarehe 24 Februari 1998 mjini Pune, huko India, akiwa na umri wa miaka 81. Kati ya miaka hiyo, karibu 70 aliitumia mbele ya kamera. Hakuwa stelingi katika picha tulizoziona sisi, na wala hakuimba. Nyimbo ndizo zilizotoka sinema zikaingia mitaani kwetu, kwani waimbaji wa taarabu wa hapa, marehemu Juma Bhalo akiwa mmoja wao, walizichukua tuni za Kihindi wakazitia maneno ya Kiswahili, na hivyo kila arusi ikawakumbusha watu juu ya stelingi na mpenzi wake. Mavyaa hakuimbiwa. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya jina lake kupotea na sura yake kubaki.

Mimi nina sababu yangu mwenyewe ya kuandika habari zake, nayo ni shangazi yangu.

Siku zile za utoto wangu, kutoka kwetu Tononoka kwenda Regal, Naaz au Majestic ulikuwa ni mwendo wa miguu. Kulikuwa na maonyesho ya alasiri ya wanawake peke yao, na kina mama wa Mji wa Kale, Majengo na mitaa yetu walijaa humo na mabuibui yao, na vikapu vya njugu na mabuyu. Sisi watoto wadogo wa kiume tuliruhusiwa kuingia, kwa kuwa bado hatujahesabiwa kuwa wanaume. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akinipeleka. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni pake kila asubuhi, na senti zilizobaki zilikwenda kwenye tikiti zetu mbili.

Asubuhi moja, kabla mimi sijaanza shule, shangazi aliamka uso wake upande mmoja umelegea. Mdomo ulikwenda kando na jicho la kushoto halikuwa tena sawa na lenzake. Wazee walisema amepigwa na upepo. Alikandwa, akasomewa, akapelekwa hospitali, lakini uso haukurudi kama ulivyokuwa. Akili yake ilikuwa timamu, na mikono yake ilisukuma mahamri vilevile. Lakini watoto wa mtaani wakaanza kumkimbia, na yule aliyetumwa mahamri akawa anasimama mbali na kunyoosha mkono. Haukupita muda wakampa jina. Walimwita Mavyaa, wakimaanisha mavyaa wa picha, na mimi naona aibu kuandika kwamba nilipokuwa na wenzangu nililicheka jina hilo.

Picha ya kwanza ninayoikumbuka ya Lalita Pawar ni Dahej, iliyotengenezwa na V. Shantaram mwaka 1950, ambayo ilirudi hapa mara kwa mara kama zilivyorudi picha nyingi za miaka ile. Dahej ni mali anayoitoa baba wa bibi arusi kwa jamaa za mume. Kwetu sisi ambao mahari yanatoka upande wa pili, shangazi alilazimika kunifafanulia mara mbili. Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor, anacheza kama baba wa msichana, mtu wa heshima ambaye mkono wake si mrefu. Lalita Pawar ni mavyaa anayeona kwamba alichokileta mkwe hakitoshi. Anamtesa, anamfukuza, anataka zaidi. Baba anauza kila alicho nacho mpaka nyumba, anakuja na mali yote aliyotakiwa, na binti yake anamwambia kabla ya kukata roho kwamba amesahau kitu kimoja, nacho ni sanda. Humo ndani ya sinema palikuwa na kilio kama cha matangani. Mimi sikulia, nilikuwa nimekunja ngumi, na usiku ule niliiota ile sura.

Baadaye kidogo tukaenda kuiona Shree 420, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1955. Kijana maskini anaingia Bombay na bahasha yake ya vyeti, njaa inamuuma, anakutana na mama mmoja anayeuza ndizi kando ya njia. Wanabishana kuhusu bei ya ndizi. Mama ana ulimi mkali kama wauzaji wote wanaojua kazi yao, lakini moyo wake unalainika upesi, na tangu hapo anamfanya yule kijana mwanawe. Anaitwa Ganga Mai. Anakaa na maskini wenzake wanaolala nje, anacheka nao, na Raj Kapoor anapotekwa na fedha za wezi wakubwa, ni yule mama wa ndizi unayemwonea huruma kuliko wote. Nilimpenda kabisa.

Tulipotoka, tukarudi kwa njia yetu ya kawaida ya Digo Road, ambayo zamani iliitwa Salim Road, tukipita Marikiti wakati wachuuzi wa ndizi wanafunga vikapu vyao. Nikamwambia shangazi kwamba ningependa mama kama yule. Akaniuliza kama nimemtambua. Nilipomwambia sikumtambua, akasema kwamba yule ndiye mavyaa wa Dahej. Nilikataa katakata. Nilimwambia haiwezekani, kwani yule ni shetani na huyu ni mama mzuri. Shangazi hakubishana. Aliniambia tu kwamba picha ikirudi nitazame jicho.

Ilirudi, nami nikatazama. Katika Dahej jicho lile la kushoto linafanya kazi ya upanga. Linapunguka kidogo, na mtu mzima unaingiwa na baridi. Katika Shree 420 ni jicho lilelile, halikufichwa, halikupakwa kitu, lakini sasa ni jicho la mama aliyekaa juani miaka mingi akiuza ndizi, na kila linapopunguka ni kana kwamba anakaribia kucheka. Nilikuwa mtoto, sikuwa na maneno ya kueleza nilichokiona. Lakini tangu siku ile nilikwenda sinema kumtafuta yeye, si stelingi. Wenzangu walihesabu ngumi za mapigano, mimi nilingojea Lalita Pawar aingie.

Alizaliwa tarehe 18 Aprili 1916 huko Yeola, karibu na mji wa Nashik, na jina alilopewa ni Amba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri na pamba. Aliingia katika filamu akiwa bado mtoto, mwaka 1928, wakati picha zilikuwa hazisemi. Picha yenyewe ilikuwa Raja Harishchandra. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931, na wachezaji wengi wa picha bubu waliachwa nyuma, ama kwa sababu ya lafudhi zao ama kwa sababu hawakuweza kuimba, kwani mwanzoni mchezaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera. Lalita hakuachwa. Aliweza kusema, aliweza kuimba, na zaidi ya hayo alikuwa mzuri wa sura.

Ndiyo, msomaji, mzuri wa sura. Sisi tuliomjua kama mavyaa hatukuwahi kulifikiria jambo hilo. Katika miaka ya 1930 alikuwa yeye ndiye stelingi wa kike. Aliolewa na Ganpatrao Pawar, mtu wa filamu, na ndiko lilikotoka jina tunalomjua nalo, ingawa ndoa hiyo haikudumu na baadaye aliolewa na mtengenezaji filamu Rajprakash Gupta. Hakuwa mwanamke wa kungojea kuitwa kazini. Alishiriki katika kutengeneza picha ya Kailash mwaka 1932, alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, na baadaye akatengeneza Duniya Kya Hai, iliyotokana na kitabu cha Mrusi Tolstoy kiitwacho Ufufuko. Msichana wa Kihindi wa wakati ule kutoa fedha na kusimamia filamu halikuwa jambo dogo, na nashangaa kwamba wanaomsifu leo hulipita haraka wakimbilie habari za mavyaa.

Kisha ukaja mwaka 1942. Alikuwa akicheza katika picha iliyoitwa Jung-e-Azadi, na katika onyesho mojawapo ilitakiwa mwenzake ampige kofi. Aliyempiga ni Bhagwan, ambaye baadaye watu walimwita Bhagwan Dada. Kofi la sinema, kama ajuavyo kila mtu, ni kofi la uongo. Mkono unapita na uso unageuka. Lile halikuwa la uongo. Bhagwan hakukusudia, lakini mkono ulitua kwa nguvu zote. Mshipa wa jicho la kushoto ulipasuka na upande wa uso ukapooza. Alitibiwa kwa muda mrefu, karibu miaka mitatu kwa jumla, na uso ulirudi kwa kiasi kikubwa. Jicho halikurudi.

Alikuwa na umri wa miaka 26. Katika kazi ambayo mwanamke hulipwa kwa sura yake, kofi moja lilikuwa limemwondoa katika uchumba na nyimbo za bustanini. Mtengenezaji gani angempa tena nafasi ya msichana anayeimba chini ya mwezi? Hakuna. Wengi katika hali yake walirudi makwao wakasahauliwa. Yeye alikubali nafasi walizobakisha wengine, yaani mama, shangazi, mjane, mwenye nyumba, na zaidi ya yote mavyaa. Katika Ram Shastri ya mwaka 1944 alicheza kama Anandibai, mwanamke wa ikulu ya Wamaratha mwenye hila nyingi, na hapo watengenezaji wakaona kwamba jicho lile lililodhaniwa kuwa kilema lilimtisha mtazamaji kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Baada ya Grihasthi mwaka 1948 na Dahej mwaka 1950 kazi ikawa haikatiki.

Naomba nimkumbuke kidogo na huyo Bhagwan, kwani si haki kumwacha na kofi tu. Wazee wa hapa watamkumbuka katika Albela ya mwaka 1951, picha aliyoiongoza na kuicheza yeye mwenyewe pamoja na Geeta Bali: yule mtu mfupi, mnene, mwenye dansi ya mabega na mikono ambayo hata Amitabh Bachchan aliiga baadaye. Alipata nyumba kubwa na magari, kisha picha zake zikaanguka, akauza vyote, na akafa mwaka 2002 katika vyumba vya kupanga vya watu maskini huko Dadar, Bombay. Mtu aliyepigwa alipanda na aliyepiga akashuka, wala hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya.

Turudi kwa Lalita Pawar. Kitu kilichonishangaza nilipokuwa kijana, na nilipoanza kuandika miaka ya picha katika daftari langu la shule, ni jinsi picha zake zilivyokuja mbilimbili, kama mtu aliyejipima mwenyewe kwenye mizani. Mwaka 1955, huohuo aliokuwa Ganga Mai wa ndizi, alikuwa pia Sita Devi katika Mr. & Mrs. '55 ya Guru Dutt, shangazi tajiri wa Madhubala, mwenye miwani na mikutano, anayewapiga vita wanaume na ndoa, na ambaye anamkodisha mtu ili amwoe binti ya ndugu yake kwa karatasi tu na kumwacha. Mmoja analala kando ya njia, mwingine ana gari na watumishi. Sauti si moja, mwendo si mmoja. Muuza ndizi anakaa kwa uzito wa mwili wote, miguu imetandazwa. Sita Devi haegemei hata kiti.

Mwaka 1959 alirudia tena, na mara hii ni kwa kiasi ambacho sidhani kama kuna aliyekifikia. Katika Sujata ya Bimal Roy ni bibi wa tabaka la juu, mcha Mungu, ambaye hataki kuguswa hata na kivuli cha msichana Sujata kwa sababu amezaliwa na watu wanaoitwa wasioguswa. Hapigi kelele kama mavyaa wa zamani. Anaamini kweli kwamba yuko katika haki, na huo ndio ubaya wa kuogopesha zaidi. Katika Anari ya Hrishikesh Mukherjee, mwaka uleule, ni Mrs D'Sa, mjane Mkristo wa Bombay, mwenye gauni na maneno mengi, anayempangisha chumba Raj Kapoor, mchoraji asiye na kazi wala kodi ya nyumba. Anamkaripia asubuhi na jioni, anamwita mjinga kwa sababu ya uaminifu wake, kisha anampakulia chakula, na akibaki peke yake anamwombea kwa Mola wake kama mama anavyomwombea mtoto wa tumboni mwake. Mrs D'Sa anakufa kwa dawa mbovu iliyouzwa na kampuni ya tajiri mmoja, na kijana aliyempenda anashtakiwa kwa kumwua. Nutan alikuwa stelingi wa kike katika picha zote mbili. Zawadi za Filmfare zilipotolewa mwaka 1960, Nutan alipata yake kwa Sujata, Raj Kapoor kwa Anari, na Lalita Pawar akapewa ya mchezaji bora wa kike msaidizi kwa huyo Mrs D'Sa. Mwaka 1961 alitunukiwa pia na Sangeet Natak Akademi, baraza la serikali ya India linalosimamia sanaa za maonyesho.

Onyesho la Mrs D'Sa akiomba nimeliona mara nyingi, na kila mara ninaliona jambo jipya. Kamera inamkaribia bila huruma, na jicho bovu liko mbele yako kabisa. Mchezaji mwingine angegeuka aonyeshe upande mzuri. Yeye hageuki. Anazungumza na Mungu wake kama mtu anayegombana na jirani, kisha sauti inakatika kidogo, basi. Hakuna machozi ya ndoo nzima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba uovu wake wa picha nyingine haukutoka katika jicho hata kidogo. Jicho lilikuwa ni mlango tu, naye alijua aufungue upande gani.

Hata hivyo sitaki kumfanya malaika. Katika mamia ya picha alizocheza, zipo nyingi ambamo mwongozaji alimwita aje apige kelele na aondoke, naye akaja, akapiga kelele, akachukua mshahara wake akaenda. Ni kazi, na mtu ana nyumba ya kulisha. Lakini hata katika picha za mzaha alijua la kufanya. Katika Junglee ya mwaka 1961 ni mama mkubwa wa ukoo aliyepiga marufuku kicheko nyumbani, mpaka mwanawe Shammi Kapoor anapofunguka kwa ule ukelele wake uliovuma mpaka Kilindini. Mwaka 1962, katika Professor, ni mlezi mkali wa wasichana wawili ambaye hataki mwalimu kijana, ndipo Shammi Kapoor anapojibandika ndevu nyeupe na kujifanya mzee. Na yule mama mkali anampenda mzee huyo wa uongo! Anaanza kujipamba, anatazama kioo, anaona haya kama mwari. Sinema nzima ilivunjika mbavu. Shangazi hakucheka sana. Njiani aliniambia kwamba yule mama lazima alikuwa mzuri zamani, kwani mtu asiyewahi kuwa mzuri hajui kujitazama kiooni namna ile.

Sijui ni wangapi waliokuwa mle ndani walioliona hilo. Mimi sikuliona.

Ubaya ni kwamba watu hapa walichukua mavyaa wakaacha Ganga Mai na Mrs D'Sa. Katika ugomvi wa uani, mwanamke aliyetaka kumtukana mama wa mumewe bila kutaja tusi alimfananisha na yule wa picha, na hilo lilitosha kuitisha kikao cha wazee. Nimesikia kisa cha namna hiyo Majengo, na kingine Kibokoni. Na ndivyo jina lilivyomfikia shangazi yangu, ambaye hakuwa mavyaa wa mtu yeyote, kwani hakujaliwa mtoto. Kosa lake lilikuwa uso. Mchana mmoja kijana wa jirani alimwita hivyo mbele yangu, nami nikanyamaza. Shangazi aliendelea kuhesabu mahamri. Jioni aliniuliza kama Jumapili tunakwenda Naaz.

Katika miaka ya 1970 Lalita Pawar alikuwa mtu mzima hasa, na nafasi zikawa ndogo, lakini bado unamwona akipita. Katika Anand ya mwaka 1971, ile ya Rajesh Khanna anayekufa kwa saratani huku anacheka, yeye ni mkuu wa wauguzi, naye Hrishikesh Mukherjee alimpa tena jina la D'Sa, kama anayemrudishia mtu koti lake. Mwaka 1981 alikuwemo katika Naseeb. Kisha ikaja Ramayan ya televisheni, iliyotengenezwa na Ramanand Sagar na kuonyeshwa India toka 1987 mpaka 1988, ambamo alicheza kama Manthara, yule mtumishi mwenye kibiongo anayemtia malkia maneno ya fitina mpaka mwana wa mfalme anafukuzwa nchini. Kaseti zake zilifika mpaka hapa Mombasa, zikazunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Watoto waliokuwa hawajazaliwa wakati wa Shree 420 wakaanza kumchukia upya, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 70.

Habari za lile kofi nilizipata kwa bahati tu. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu, na mezani palikuwa na rundo la magazeti ya sinema kutoka Bombay, kurasa zimechanika, nusu yake hazina jalada. Katika moja palikuwa na habari fupi juu yake: Jung-e-Azadi, Bhagwan, mshipa, miaka ya matibabu, na picha yake ya ujana iliyopigwa kabla ya ajali. Niliitazama picha ile mpaka kinyozi akaniita mara ya pili. Macho yote mawili yalikuwa makubwa na sawa. Nilimwomba anipe ukurasa ule, akaniambia nichukue gazeti zima, halina faida tena.

Nilitoka pale nikiwa na ukurasa mfukoni, nikakuta miguu imenipeleka moja kwa moja mpaka kwenye mlango aliokuwa akiuzia mahamri, ambao wakati huo ulikuwa umepangishwa kwa fundi wa viatu. Shangazi alikuwa amezikwa miaka mitatu nyuma. Mpaka siku yake ya mwisho aliamini kwamba yule mwenzake wa Bombay naye aliamka asubuhi moja akiwa amepigwa na upepo.